Ubani kwa Aliye Hai

Vilima vya Oguse ni vifupi. Kile kirefu kuliko vyote, mwenye miguu mizuri hukipanda na kushuka kabla wali haujaiva. Lakini watu wa Oguse wameviita Alpsi za Oguse, kwa jina la milima mirefu ya Ulaya, wakachomeka na kibao pale stendi ya basi, na mgeni akicheka, muuza tambi wa hapo stendi humpimia mchuzi pungufu. Vimejipanga mgongo mmoja mrefu, kilele baada ya kilele, kama meno ya msumeno wa fundi mvivu. Unapanda, unashuka, unapanda, na ukifika mwisho unagundua umepanda Mlima Fuji mzima kwa rejareja.

Asubuhi hiyo, mwishoni kabisa mwa majira ya majani kupukutika, wazee wawili walikuwa kwenye mgongo huo. Aliyetangulia ni Heikichi, kinyozi mstaafu. Aliyejikokota nyuma ni Hatae, seremala mstaafu. Majani makavu ya mialoni yaliwafika magotini, na chini yake mbegu ziliteleza kama shanga zilizomwagwa sakafuni. Kengele za kufukuzia dubu zilining'inia kwenye mikoba yao, zikilia kwa zamu.

"Tembea, bwana!" Heikichi alipaza sauti bila kugeuka. "Konokono amekupita sasa hivi. Kakuamkia hata hukumwitikia."

"Nimemwona," Hatae alisema. "Amesema wewe ndiye uliyemnyoa, ndiyo maana hana hata unywele."

Oguse nzima iliwajua hawa wawili kwa uongo wao. Haukuwa uongo wa kumdhulumu mtu, bali ule wa kuchangamsha bafu la umma, wanaume wanapokaa jioni shingo zikielea kwenye maji ya moto na hakuna pa kukimbilia. Heikichi alikuwa amewahi kumnyoa dubu ndevu, na dubu akamwachia bakshishi ya samaki. Hatae alikuwa amewahi kujenga nyumba iliyonyooka hivi kwamba mvua iliona haya kuinyeshea kimshazari. Mtu wa Oguse akisikia jambo asiloliamini, haulizi ni kweli au si kweli. Huuliza: "La Hatae au la Heikichi?"

Ila siku hizo Hatae alikuwa hana uongo hata wa kumtoa mtu njiani. Kila walipofika kileleni, badala ya kukaa apumue kama watu, aligeuka kutazama bondeni, ng'ambo ya mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, hadi kwenye paa moja jeupe. Ilikuwa hospitali. Chini ya paa lile alilala mkewe.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya mtu aliyekukanyaga kidole. "Moyo umechoka, mzee," alisema. "Dawa tumempa. Sasa tungoje."

"Tungoje nini?" Hatae aliuliza.

Daktari akafunga faili, akaenda kitanda cha pili.

Maisha yake yote Hatae alipokuta kitu kimelegea alikikaza, kikiinama alikitegemeza. Hapa hapakuwa na pa kupigilia msumari. Wageni waliruhusiwa kuingia wodini baada ya adhuhuri tu, kwa hiyo asubuhi alibaki nyumbani na mikono yake. Aliupiga randa mlango wa jikoni kwa kuwa ulikuwa unabana kidogo. Kesho yake akaupiga tena. Heikichi alipokuja kumjulia hali alikuta paka anapita na mlango umefungwa.

"Vaa viatu," Heikichi alimwambia. "Twende milimani, kabla hujaiparaza nyumba ikawa njiti za kuchokolea meno."

Ndiyo maana walikuwa huku.

"Tukifika pale kwake tutakula," Heikichi alisema sasa, akishika mti ili asiteleze. "Umebeba nini?"

"Wali wa mabonge. Nimefinyanga mwenyewe."

"Masikini tumbo langu. Jana nimeona lile lako la juzi umelitumia kutegemezea dirisha."

Pale kwake maana yake ni nundu ndogo iliyo katikati ya mgongo, isiyokuwa na jina kwenye ramani yoyote. Miaka mingi nyuma Hatae alimpandisha mkewe huku kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Mwanamke huyo aliuza maandazi ya maharage dukani pake tangu ujana, akisimama kutwa kucha, na mji mzima ulimwita Mama Maandazi. Hata Hatae alimwita Mama tu, naye alimwita Hatae Baba, kama ilivyo kawaida ya nyumba za huko mtoto akishazaliwa. Walipofika kwenye nundu ile, Mama akasimama, akatazama vilele vilivyobaki mbele, akaketi chini puu.

"Kilele changu ni hiki," alisema. "Cha mbele ni chako." Akafungua furushi, akala mabonge yote ya wali, ya kwake na ya mumewe.

Hatae alicheka njia nzima ya kurudi. Wiki ile ile alichukua kipande cha mvinje kilichobaki kazini, akachonga maneno "Kilele cha Ineko", akapanda na Heikichi wakakipigilia juu ya mwaloni. Ineko ndilo jina alilozaliwa nalo mkewe. Kulichonga lilichongeka. Kulitamka hakuwahi.

Tatizo ni kwamba wapanda vilima husoma vibao. Haikupita muda, mtu akauliza bafuni: "Jamani, Ineko ni nani?"

Mwanaume wa rika la Hatae, mbele ya wanaume wenzake walio uchi, aseme ni mke wangu nampenda? Afadhali ameze jiwe la moto. Kwa hiyo alijibu, maji yakiwa kidevuni: "Hamumjui Binti Mfalme Ineko? Enzi za vita alikimbizwa na maadui hadi juu ya nundu ile, akachoka. Akaketi. Akasema, mimi sisogei tena. Wakaja watu kumi kumwinua, wakashindwa. Wakaja ishirini na ng'ombe, kamba ikakatika, ng'ombe akavunjika moyo akawa mtawa. Maadui wakangoja mpaka wakazeeka, wakarudi kwao na fimbo. Nendeni mkaone. Pale alipoketi pana shimo mpaka leo."

Shimo lilikuwepo kweli; shina la mti liling'oka zamani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hawakuwahi kupita kwenye mgongo wa Oguse. Uongo ule ulitembea, ukapata nguvu za miguu, ukaanza kupanda bila mwenyewe.

Walipokaribia nundu walisikia kengele. Si kengele ya dubu. Ilikuwa ile ya shaba, inayogongwa mara moja ikaachwa ilie mpaka ichoke yenyewe.

"Kuna mazishi?" Hatae alisimama.

"Mazishi juu ya mlima? Labda ya magoti yangu."

Walipotokeza, walikuta chama kizima cha wapanda vilima wa Oguse kimesimama duara, kofia mkononi. Katikati palikuwa na kasisi wa hekaluni, kijana aliyevaa joho jeusi na raba. Mbele yake, kwenye lile shimo, walikuwa wamesimika ubao mrefu mwembamba wa wafu, ule unaosimikwa nyuma ya makaburi. Chini yake chenza, kikombe cha pombe, na bakuli la wali ambalo vijiti vya kulia vimechomekwa wima katikati, kama wali wa maiti. Kwenye mwaloni, pale kilipokuwa kibao, palibaki matundu mawili ya misumari.

Mwenyekiti wa chama, Bi Kajiwara, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu aliyehamia Oguse kutoka jiji kubwa. Aliwaona, akawapungia kwa adabu.

"Mmewahi, Bwana Hatae! Nilijua hutakosa. Wewe ndiye uliyetuhifadhia hadithi."

"Mwalimu," Hatae alisema, macho yakiwa kwenye vijiti. "Kuna nini?"

"Tunamtuliza Binti Mfalme. Mwaka huu watu watatu wameteleza hapa hapa. Mmoja kavunja kiuno."

"Wameteleza kwa sababu ya mbegu za mialoni."

"Nimelichunguza suala lenyewe," Bi Kajiwara aliendelea, kwa sauti ile ambayo ilikwisha kunyamazisha madarasa mengi. "Hadithi yako imepotea mwisho wake. Maadui wangoje mpaka wazeeke? Haiingii akilini. Kwa hakika aliona hana pa kwenda, akajichoma shingoni na kibanio chake cha nywele. Alikufa hapa, peke yake, na hakuna aliyemfukizia hata kijiti cha ubani. Ndiyo maana hana raha."

"Hakufa."

"Samahani?"

"Hakufa, Mwalimu. Aliketi tu. Akala."

Watu walitazamana. Mama mmoja akafunika mdomo kuficha kicheko.

"Umejuaje?" Bi Kajiwara aliuliza kwa upole.

Hapa ndipo jiwe la moto lilipokuwa likimngoja Hatae miaka yote. "Ni mke wangu," alisema.

Duara zima likaangua kicheko. "Bwana Hatae!" alisema mzee mmoja, mstaafu wa benki. "Kumbe wewe ni wa enzi za vita vya mikuki! Ngozi yako lakini inatunzwa!"

"Nasema kweli. Anaitwa Ineko. Yuko hospitali pale chini, paa lile. Mama Maandazi!"

"Mama Maandazi anaitwa Ineko?" waliulizana. Hakuna aliyejua. Miaka yote ile walikula maandazi yake hawakuwahi kumuuliza jina.

"Mwulizeni Heikichi! Tulipigilia naye kibao!"

"Ni kweli kabisa," Heikichi alisema. "Nilishika ngazi mimi mwenyewe."

"La Hatae au la Heikichi?" sauti ikatoka nyuma, na kicheko kikaanza upya. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Heikichi alikuwa na ukweli mkononi na hakuna mnunuzi.

Bi Kajiwara hakucheka. Aliinamisha kichwa. "Sikujua Mama Maandazi anaumwa. Pole sana, Bwana Hatae. Lakini majina hufanana. Huyu ni mwingine."

Na Hatae angesema nini? Kwamba huyo mwingine hayupo? Alikwisha kuwapo. Alikuwa na shimo, alikuwa na maadui, alikuwa na ng'ombe aliyekuwa mtawa. Sasa alikuwa na kibanio cha nywele, na kaburi.

"Basi angalau jina," alisema kwa sauti ndogo. "Msilisome jina lake."

"Hatulisomi," kasisi kijana alisema kwa fadhili, akigusa ubao mrefu. "Nimempa jipya. Wino haujakauka."

Watu wa huko mtu akifa humpa jina la huko aendako. Wazee husema ni ili asigeuke nyuma akisikia anaitwa la zamani. Hatae alitazama herufi zile nyeusi, nzuri, zilizoandikwa na mkono mtulivu.

Kengele ikalia. Kasisi akaanza kusoma. Watu wakajipanga mstari, mmoja mmoja akisogea mbele, akichota ubani wa unga kwa vidole vitatu, akiuinua kwenye paji la uso, akiuachia juu ya makaa. Mstari ulisogea, na Hatae alikuwa ndani yake bila kujua aliingiaje. Mbele yake watu, nyuma yake watu, kila mmoja amenyamaza. Kutoka kwenye mstari wa ubani ni kumtukana maiti, na kasisi, na kila aliyeamka mapema kupika wali ule.

"Toka," Heikichi alinong'ona nyuma yake.

"Natokaje?"

"Zimia."

"Sijui kuzimia."

"Hujui kuzimia! Na ile mara uliyozimia ukaamka Hokkaido, kaskazini kabisa mwa nchi?"

"Ule ulikuwa uongo, we mjinga."

Zamu yake ikafika. Akachota ubani. Akauinua kwenye paji. Watu walingoja, na kasisi alisoma, na makaa yalikuwa mekundu. Mkono wake ulishuka taratibu, ukayapita makaa, ukaingia mfukoni mwa koti.

Hakuna aliyeona ila Heikichi, naye akafanya vile vile. Lakini waliobaki kwenye mstari walikuwa wengi, na wote walikuwa watu wema, na mtu mwema hachoti ubani kidogo. Moshi ukapanda mnene, mweupe. Ukasimama kidogo kama unaouliza njia. Kisha upepo ukauinamisha, ukaanza kuteremka bondeni, juu ya mashamba matupu, ukielekea kule kwenye paa.

Hatae alivua kofia. Akasogea ukingoni, akaanza kuupunga. Alipunga kama mtu anayefukuza nyuki kwenye kitanda cha mtoto. Heikichi akaja kando yake, akavua na yake. Wazee wawili walisimama kwenye ncha ya nundu, makoti yakipepea, wakipigana na moshi kwa kofia, na moshi uliwapita katikati ya mikono, ukawapita chini ya kwapa, ukaendelea na safari yake.

"Wanafanya nini?" mtu aliuliza.

"Waache," Bi Kajiwara alisema taratibu. "Kila mtu na namna yake ya kuaga."

Ibada ilipokwisha walimpa Hatae kile kibao chake. Walikuwa wamepanga kukichoma hekaluni kwa heshima, pamoja na hirizi za mwaka uliokwisha, lakini wakaona afadhali abaki nacho yeye. Alikifunga mgongoni juu ya mkoba, akashuka. Njia ya kushuka ni fupi, lakini siku hiyo ilikuwa na kona zaidi. Alianguka kwenye majani, akainuka, akaanguka tena. Heikichi hakumtania hata mara moja, na hilo ndilo lililomtia Hatae hofu kubwa kuliko yote.

Wodini, kitanda cha mkewe kilikuwa kando ya dirisha. Alikuwa amelala ubavu, uso kwenye kioo, blanketi limemfika sikioni. Hatae alisimama mlangoni na kibao mgongoni. Angeweza kumwita Mama. Mama angegeuka; hilo halikuwa jina la kuzaliwa wala la kufa. Lakini alihitaji kujua.

"Ineko," alisema.

Blanketi halikusogea.

"Ineko."

Nje ya dirisha jani moja lilianguka, likasita, likaanguka. Hatae akashika chuma cha kitanda. Sauti aliyoitoa mara ya tatu haikuwa ya seremala wala ya mwongo. "Ineko!"

"Nini wewe?" mkewe alisema bila kufumbua macho. "Nilidhani unamwita mgonjwa wa pili. Tangu lini una jina langu?"

Hatae aliketi kwenye kiti cha kando ya kitanda.

Mkewe aligeuka polepole, kwa vituo, kama anayepanda. Pua yake ikakunjamana. "Unanuka ubani, Baba. Nani amekufa?"

Hatae aliutoa mkono mfukoni. Unga wa ubani ulikuwa umeingia hadi kwenye kucha. "Binti mfalme mmoja," alisema. "Humjui."

"Masikini. Aliugua?"

"Alichoka. Akaketi juu ya mlima, akakataa kusogea."

"Mwenye akili huyo." Akapumua, akapumzika, akapumua tena. "Alikuwa amekula lakini?"

"Alikula. Mpaka vya mumewe."

"Basi hakufa," Ineko alisema. "Mtu hafi ameshiba. Umenibebea nini?"

Alimfungulia bonge la wali. Muuguzi alikuwa amekataza chumvi, kwa hiyo Hatae aliondoa tunda la kutiwa chumvi lililokuwa katikati, akamega wali wa pembeni, mweupe, kidogo kuliko punje za kumlisha ndege. Ineko aliutafuna muda mrefu. Hakuweza kuumeza wote. Uliobaki alimrudishia kiganjani, akafumba macho.

"Mgumu kama jiwe," alisema. "Huo si wali, ni msingi wa nyumba."

"Ineko."

"Mm."

Alikiweka kibao kwenye kizingiti cha dirisha, herufi zikimtazama mgonjwa. Baada ya kitambo akaita tena, polepole, kama fundi anayegonga ukuta kusikiliza kama ndani bado pana nguzo. "Ineko." Ikaja "mm" ya pili, kutoka mbali zaidi. Akangoja. Akaita. Jua la alasiri lilikuwa limekwisha kuondoka ukutani "mm" nyingine ilipokuja, nayo ilikuja kama iliyopanda mlima na kushuka.

Hatae alitoka kwenye kiti akaketi juu ya kitanda, kwenye pindo la blanketi la mkewe. Alishika chuma kwa mikono yote miwili. Hakuwahi kuwa mtu mnene. Alijaza hewa kifuani, akalegeza mabega, akajikandamiza chini kwa nguvu zote, akijaribu kuwa mzito.

"Mzee," muuguzi alisema mlangoni, binti mdogo aliyekuja kutoka jijini. "Muda wa wageni umekwisha."

Hatae alizidi kukishika chuma.

"Mzee, tafadhali." Akaja, akamgusa bega. "Inuka, nikusaidie."

"Waite wenzako," Hatae alisema. "Na mje na ng'ombe."

Binti yule hakuijua hadithi. Alibaki amesimama, mkono begani mwa mzee, asijue avute au aache.